Kabla ya Kununua Besi, Itazame Mgongoni

Jumamosi iliyopita, yapata saa kumi za jioni, niliuona mkokoteni ukikata mtaa wa Lindi hapa Gerezani. Juu yake kulikuwa na kitu kirefu kilichofungwa shuka mbili na kamba ya katani. Mama mmoja muuza maandazi alisimama, akaweka mkono kifuani, akauliza kwa sauti ya chini: "Jamani, nani huyo?" Msukuma mkokoteni akacheka. "Si mtu, mama. Ni besi. Inakwenda harusini."

Nyuma ya mkokoteni alikuwa akitembea mwenye mzigo, kijana wa miaka thelathini hivi, ambaye tunakunywa naye kahawa kijiwe kimoja.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Shughuli wapi leo?"

"Magomeni. Lakini mwezi ujao sijui nitapiga nini. Mwenye besi anaitaka besi yake."

Kijana huyu anapiga katika kikundi cha taarab asilia. Juma likiwa jema hupata shughuli tatu: harusi mbili na hoteli moja. Kwa miaka sita amekuwa akipiga besi ya kuazima. Sasa hana budi kununua yake. Anazo shilingi milioni saba, na katika hizo sehemu kubwa si jasho lake peke yake. Mkewe alikuwa na zamu ya upatu, akampa. Kwa hiyo akikosea, atakuwa amekosea kwa fedha ya nyumba nzima.

Besi alizozipata ni mbili. Ya kwanza iko hapa Dar es Salaam, kwa mgeni anayerudi kwao. Ni ya kuchongwa yote, kifua, mgongo na mbavu, na bei yake ni milioni saba kamili. Ya pili iko Unguja. Kifua chake ni cha kuchongwa lakini mgongo na mbavu ni plaiwudi, na mwenyewe anataka milioni tano. Moyo wa kijana ulikuwa umelala kwenye ile ya kwanza. "Kaka," aliniambia, "mpigaji wa kweli hapigi plaiwudi."

Kauli hiyo, ndugu msikilizaji, ndiyo iliyonifanya nichague mazungumzo ya leo. Wengi wetu tunaiona besi nyuma ya jukwaa, ndefu kuliko mpigaji wake, na hatujiulizi imetengenezwa vipi. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Natutazame basi ilivyoundwa, ndipo tuseme ipi ya kununua.

Kwanza, kazi yake. Wengine huiita dabo besi, wengine besi kubwa, au besi tu. Ni ndugu mkubwa wa fidla. Ina urefu wa karibu sentimita 180, uzito wa kilo kumi hivi, na nyuzi nne. Wazungu huitumia katika muziki wao wa okestra na wa jazi. Kwetu ilikuja kwa njia ya Misri. Okestra za Cairo, kama ile iliyomsindikiza Umm Kulthum, zilikuwa na fidla nyingi, kanuni, udi, na besi nyuma yake. Vikundi vya Unguja, kama Ikhwani Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905 na Culture Musical Club iliyoanzishwa mwaka 1958, navyo vikaifanya besi kuwa nguzo ya muziki wao. Katika taarab mara nyingi hupigwa kwa vidole, si kwa upinde. Kanuni na fidla zinapopanda juu, besi ndiyo inayoshika chini, mwimbaji asipotee.

Kisha likaja gitaa la besi la umeme. Kampuni ya Fender ya Marekani ilianza kuuza lake mwaka 1951, na baada ya miaka michache lilienea duniani. Unalibeba begani, unapanda nalo daladala. Bendi za dansi zikalichukua. Huko Tanga, Black Star wakaingiza magitaa katika taarab. Hapa Dar es Salaam, katika miaka ya 1990, vikundi vya taarab ya kisasa kama vile vya TOT na Muungano vilishindana kwa vinanda vya umeme na magitaa, na besi ya mti ikabaki kwa wachache. Leo anayetaka kuipiga hana duka la kwenda kuchagua. Anasubiri mtu afe, ahame, au achoke.

Sasa tuje kwenye mbao zenyewe. Besi ziko za namna tatu.

Namna ya kwanza ni ya kuchongwa yote. Kifua chake, yaani ule upande wa mbele wenye matundu mawili, hutokana na mti uitwao sprusi, jamaa wa msonobari, unaokua polepole katika nchi za baridi. Vipande viwili vya mbao nene huunganishwa katikati, kisha fundi huchonga, nje na ndani, mpaka pabaki unene wa kama milimita nane katikati na pungufu yake kuelekea kingo. Mgongo na mbavu hutoka kwenye mti mwingine mgumu uitwao mepo. Ubao uliochongwa hivi ni mwepesi na una nguvu. Uzi ukitikisika, kifua kizima hutikisika nao. Sauti yake ni pana, na hukaa hewani kabla ya kufa. Hasa ukipiga kwa upinde, utaijua tofauti hata ukifumba macho.

Namna ya pili ni ya plaiwudi yote. Tabaka nyembamba za mbao hugandishwa, moja ikilala huku na nyingine kule, kisha hukunjwa katika kalibu. Haipasuki kirahisi, kwa sababu tabaka hizi hushikana. Haijali sana mvua wala jua. Lakini sauti yake ni fupi, na upinde ukipita juu yake huwa kama mtu anayesema akiwa na mafua.

Namna ya tatu ni mseto. Kifua cha kuchongwa, mgongo na mbavu za plaiwudi. Kwa kuwa kifua ndicho kinachofanya kazi kubwa ya sauti, mseto hutoa sehemu kubwa ya utamu wa besi ya kuchongwa kwa bei iliyo chini yake.

Bei za nje, kwa kukadiria, ni hizi. Besi mpya ya plaiwudi ya kuaminika haipungui sana dola 1,500. Mseto huanzia kama dola 2,000. Ya kuchongwa yote ya kiwandani, nyingi sasa zikitoka China ambako mashine huchonga kwanza na mkono wa fundi humalizia, huanzia dola 3,000 hivi. Ile ya fundi mmoja wa Ulaya inaweza kufika dola 15,000 na kuendelea. Hapo hujalipa meli wala ndege, wala ushuru, na mzigo huu hauingii katika boksi la kawaida. Ndiyo maana mpigaji wa hapa kwetu hununua iliyokwisha tumika.

Na hapo ndipo penye mtego, kwa maana besi ya kuchongwa iliyotengenezwa nchi ya baridi inakuja kuishi pwani.

Mbao ni kitu chenye uhai hata baada ya kukatwa. Hunywa maji ya hewani ikavimba, na ikikosa maji hunywea. Hewa yetu ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi kwa sehemu kubwa ya mwaka, na wakati wa masika ndiyo huzidi. Kifua cha kuchongwa kikivimba huinuka, na nyuzi hupanda juu ya ubao wa vidole. Mpigaji atakwambia besi imekuwa ngumu leo, vidole vinamuuma. Halafu usiku anaitwa hotelini, ndani ya ukumbi wenye kiyoyozi kinachokausha hewa. Mbao inanywea kwa saa tano mfululizo. Usiku wa manane inatoka tena nje kwenye joto la Kariakoo. Fanya hivyo mara tatu kwa juma, mwaka mzima, na utaelewa kwa nini ubao mzuri hupasuka.

Mafundi wa zamani walilijua jambo hili. Ndiyo sababu besi huunganishwa kwa gundi ya ngozi za wanyama, ambayo hulegea kwa joto na mvuke. Si ubovu, ni hekima. Mbao ikivutana, kinachoachia kwanza ni kiungo, wala si ubao. Fundi anayejua hufungua, husafisha, hubandika upya, na kazi inakwisha kwa siku mbili. Lakini akija seremala wa vitanda na gundi yake nyeupe ya dukani, au ile ya kuchanganya mbili inayokauka kama jiwe, kiungo hakitaachia tena. Mara nyingine utakapovutana, ni ubao wenyewe utakaopasuka.

Nilimpeleka yule kijana kwa mzee mmoja hapa hapa Gerezani, seremala mstaafu ambaye ujanani alipiga fidla na besi. Tulikwenda wote watatu kuitazama ile ya kuchongwa. Nilichojifunza saa ile moja nakupa kama nilivyokipokea.

Mzee hakuigusa nyuzi kwanza. Aliinama kwenye yale matundu ya kifua akatazama ukingo wake. "Hapa ndipo panaposema kweli," alisema. Ukingo wa tundu ukionyesha tabaka tabaka kama mkate wa ajemi, hiyo ni plaiwudi hata muuzaji akiapa. Ukiona mistari ya mti inapita moja kwa moja kutoka juu hadi ndani, ni ubao mzima. Hii ilikuwa ubao mzima kweli. Kijana akanitazama kwa furaha.

Pili, alitazama ubao wa vidole. Ule mzuri hutengenezwa kwa mti mweusi mgumu. Usidhani ni mpingo wetu. Mpingo wa Lindi na Kilwa huenda Ulaya kutengenezewa klarineti na obo, na huu ni mti wa jamii nyingine. Besi za rahisi huwekewa mbao laini iliyopakwa rangi nyeusi. Tazama ubavuni karibu na kichwa: ukiona hudhurungi chini ya weusi, ujue baada ya mwaka mmoja nyuzi zitachimba mifereji na kila noti italia kama nyuki.

Tatu, shingo. Nyuzi nne za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu inayopita kilo 100, yaani zaidi ya mifuko miwili ya simenti, mchana na usiku, hata mpigaji akiwa amelala. Mvuto wote huo unashikwa na kiungo cha shingo na mwili. Mzee alipitisha ukucha kwenye kiungo kile. Hapakuwa na ufa wala rangi mpya iliyopakwa kuficha jambo. Pia alipima kwa futi urefu wa uzi unaopigwa, kutoka juu ya shingo hadi kwenye daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi. Besi ya kawaida, wanayoiita robo tatu, ina kama sentimita 105. Ikizidi sana hapo, mpigaji wa mkono wa wastani atachoka kabla ya bwana harusi kuingia.

Nne, na hapa ndipo penye kichwa cha mazungumzo haya, mgongo. Ndani ya besi kuna kijiti cha mviringo kilichosimama kati ya kifua na mgongo, bila gundi, kikishikwa na mkazo tu. Wafaransa hukiita roho. Kikianguka, sauti inakufa. Kwa kuwa nguvu ya nyuzi hupitia hapo, ufa unaotokea mahali kijiti kinapokanyaga ndio mbaya kuliko wote. Fundi hana budi kuondoa kifua kizima na kupachika kiraka cha mbao kwa ndani.

Mzee alitoa mfukoni balbu ndogo yenye waya, akaiteremsha ndani kupitia tundu la kifua, akaniomba nizime taa ya chumba. Kisha akaizungusha besi. Mgongoni, upande wa kijiti, ukatokea mstari mwembamba wa mwanga, mrefu kama kiganja. Tulipowasha taa hatukuona kitu ila vanishi safi. Mzee akapitisha kidole, akakinusa. "Gundi nyeupe," alisema. "Mtu kaziba kwa nje."

Sina haja ya kusema muuzaji alijua au hakujua. Huenda naye alikinunua chombo hivyo hivyo. Lakini kijana alikaa kitako sakafuni, akanyamaza kwa muda.

"Mzee, haitengenezeki?"

"Inatengenezeka, mwanangu. Lakini si kwa mkono wangu, na sijui wa mtu mwingine wa hapa mjini ambao ningeukabidhi. Utanunua kwa milioni saba, kisha utabaki huna hata ya nyuzi."

Kuhusu nyuzi, ndugu msikilizaji, wengi hawajui. Seti moja ya nyuzi nzuri za besi inaweza kula zaidi ya dola 150. Anayepiga kila juma anahitaji pia pikapu, si ile gari, bali kile kidude kinachobanwa kwenye daraja ili kupeleka sauti kwenye amplifaya. Anahitaji mfuko mnene wa kuifunika, maana shuka mbili hazizuii mvua ya vuli. Na daraja lake liwe na magurudumu madogo ya kupandisha na kushusha nyuzi, ili masika yakija asihangaike. Hivi vyote si mapambo. Mtu aliyemaliza fedha yake yote kwenye besi tupu amenunua nusu ya besi.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa la ile kauli ya mpigaji wa kweli. Swali halikuwa ipi ina sauti bora chumbani siku ya kununua. Kwa hilo, ya kuchongwa yote itashinda. Swali ni ipi itakayokuwa jukwaani Ijumaa ya mwaka wa tatu, baada ya masika tatu, viyoyozi mia mbili, na mkokoteni kila juma. Kwa mtu anayeishi na fundi wa besi mtaa wa pili, jibu linaweza kuwa moja. Kwa mtu wa Gerezani, jibu ni jingine. Mgongo wa plaiwudi haupasuki pale kijiti kinapokanyaga kama unavyopasuka mgongo wa kuchongwa, na kifua cha sprusi bado kinampa mwimbaji ile sauti pana. Tena shughulini sauti hupita kwenye pikapu na spika, na hapo tofauti ya mgongo na mgongo hupungua sana. Hata mpenzi wa taarab aliyekaa meza ya mbele hawezi kukutajia.

Simaanishi kwamba besi ya kuchongwa yote haifai pwani. Zipo zilizokaa miaka mingi katika vilabu vya Unguja na bado zinalia vizuri. Lakini hizo hukaa chumba kimoja, hewa moja, chini ya macho ya watu waliozizoea. Anayeweza kuipa matunzo hayo, na akaipata isiyo na ufa, ainunue bila kusita. Wa kuhamahama kila usiku ajipime kwanza.

Jumanne kijana alipanda boti kwenda Unguja pamoja na mzee na balbu yake. Kifua cha ile mseto kilikuwa na ufa mmoja mfupi pembeni, mbali na kijiti, ulioshonwa vizuri kwa ndani kwa vipande vya mbao. Kiungo kimoja cha ubavu kilikuwa kimeachia, na mzee alifurahi kukiona. "Gundi ya ngozi," alisema, "hapa pamepita fundi." Wakapatana milioni nne na nusu. Zilizobaki zilitosha nyuzi, pikapu na mfuko, na fedha kidogo ilirudi kwa mwenye zamu ya upatu.

Nilimuuliza kijana kama bado inamuuma kupiga plaiwudi. Alifikiri kidogo. "Kaka, kuna mdogo wangu wa mtaani anataka kujifunza besi. Ile ya kuazima isingekubali mkono wa mwanafunzi. Hii naweza kumpa."

Ndugu msikilizaji, kama una fedha yako mkononi na unakwenda kutazama besi, au fidla, au udi, nenda na mtu mzima anayejua mbao, na nenda na balbu ndogo. Omba taa izimwe. Muuzaji mwema hatakataa.

Hadi juma lijalo, nawatakia kazi njema.